Walter Mittelholzer: Rubani Aliyeuona Mlima Wetu Kutoka Juu



Katika kurasa za maisha ya watu mashuhuri tumezoea kusoma habari za masahaba na maulamaa. Safari hii tunamleta mtu wa fani nyingine kabisa. Hakuwa Mwislamu, wala hakuwa mtu wa Afrika. Alikuwa rubani na mpiga picha kutoka nchi ya Uswisi, na jina lake ni Walter Mittelholzer. Tumemchagua kwa sababu ya mlima. Sisi wa Mkuu na Rombo nzima tunaamka kila asubuhi tukiwa chini ya Mawenzi, na nyuma yake Kibo. Mtu huyu ndiye wa kwanza kuruka na ndege juu ya Mlima Kilimanjaro na kuupiga picha kutoka angani.

Elimu yenye manufaa hupokelewa kwa yule aliye nayo. Maulamaa wetu wa Baghdad katika zama za Bani Abbas walifasiri vitabu vya Wayunani, Waajemi na Wahindi, wakavichambua, wakaongeza yao. Nasi tusome kwa moyo huo huo.

KUZALIWA KWAKE NA UJANA WAKE

Mittelholzer alizaliwa tarehe 2 Aprili 1894 katika mji wa St. Gallen, mashariki ya Uswisi. Uswisi ni nchi ndogo isiyo na bahari, yenye milima mirefu iitwayo Alps. Mtoto wa huko, kama mtoto wa Rombo, hukua akiwa na mlima mbele ya macho yake.

Alipozaliwa hapakuwa na ndege hata moja duniani yenye injini iliyokwisha kumbeba mtu ikaruka sawasawa. Ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, waliruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1903, naye ana miaka tisa. Mwaka 1913 Mswisi mwenzake Oskar Bider aliivuka milima ya Alps kwa ndege. Mittelholzer alikuwa kijana wa miaka 19. Basi alikua pamoja na ndege, kama watoto wa leo wanavyokua pamoja na simu na kompyuta.

Fani yake ya kwanza haikuwa kurusha ndege, ilikuwa kupiga picha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliingia jeshini, na huko akajifunza urubani. Akajikuta ana fundi mbili mkononi: anajua kuiongoza ndege, na anajua kuitumia kamera. Marubani walikuwepo, na wapiga picha walikuwepo, lakini wenye kuyajua yote mawili walikuwa wachache mno. Hapo ndipo mlango wa riziki yake ulipofunguka.

Mwaka 1919 yeye na rubani mwenzake Alfred Comte walianzisha kampuni ndogo ya kuruka na kupiga picha za angani. Mwaka uliofuata kampuni hiyo iliunganishwa na nyingine ikawa Ad Astra, jina la Kilatini lenye maana ya kuelekea kwenye nyota. Mwaka 1931 Ad Astra nayo iliungana na kampuni ya Balair, likazaliwa shirika la ndege la Swissair, na Mittelholzer akawa mmoja wa wakuu wake. Shirika hilo lilidumu zaidi ya miaka 70 mpaka lilipoacha kuruka mwaka 2002.

SAFARI ZAKE

Mwaka 1923 alikwenda visiwa vya Spitsbergen, karibu na Ncha ya Kaskazini ya dunia, akapiga picha za nchi ya barafu ambayo ramani zake zilikuwa bado na mapengo mengi. Majira ya baridi ya 1924 kuingia 1925 aliruka kutoka Zurich mpaka Tehran, katika Uajemi ambayo leo tunaiita Iran, na huko akaupiga picha mlima Damavand wenye theluji kileleni.

Kisha ikaja safari iliyomfanya ajulikane dunia nzima. Tarehe 7 Desemba 1926 aliondoka Zurich na wenzake watatu: fundi mitambo Hartmann, mtaalamu wa miamba Arnold Heim, na mwandishi René Gouzy. Walikusudia kuivuka Afrika yote, kutoka kaskazini hadi kusini.

Jiulize, ndugu mwanafunzi, wangetua wapi? Mwaka 1926 viwanja vya ndege katika Afrika vilikuwa vichache sana. Jibu lao lilikuwa ndege ya majini, aina ya Dornier Merkur, yenye maboya mawili marefu mahali pa magurudumu. Kila palipo na mto mpana au ziwa palikuwa uwanja wao. Wakapita Alexandria, wakaufuata mto Nile kupitia Misri na Sudan, wakafika Ziwa Viktoria, kisha Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, wakatokea pwani ya Bahari ya Hindi, na tarehe 21 Februari 1927 wakatua Cape Town. Siku 77, na njia ya kilomita kiasi cha 20,000. Hakuna aliyekuwa amekwisha kuivuka Afrika namna hiyo kwa ndege ya majini.

Tusiwasahau wale ambao majina yao hayatajwi sana. Rubani ndiye anayesifiwa, lakini injini ikikohoa juu ya mabwawa ya Sudan, anayejua dawa yake ni fundi. Safari ya siku 77 katika joto na vumbi haifiki bila ya mtu wa kufungua, kusafisha na kufunga kila jioni.

KUPAA JUU YA KILIMANJARO

Mwishoni mwa mwaka 1929 Mittelholzer alirudi tena Afrika Mashariki. Mara hii ndege yake ilikuwa Fokker ya injini tatu, yenye magurudumu. Aliyeigharimia safari alikuwa tajiri mkubwa wa Vienna, Baron Louis von Rothschild, aliyetaka kwenda kuwinda Serengeti. Tanganyika wakati ule ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Safari ile haikupangwa kwa ajili ya watu wa mlimani, wala hakuna aliyewauliza rai yao. Ni vizuri tulijue hilo tunaposoma historia.

Lakini rubani huyu alikuwa na nia yake mwenyewe. Katika safari hiyo ya 1929–1930 aliipandisha ndege mpaka ikaupita mlima, akawa mtu wa kwanza kuruka juu ya Kilimanjaro.

Leo abiria hupita karibu na Kibo akiwa amekaa kwenye kiti, na kinywaji mkononi. Wakati ule haikuwa hivyo. Kilele cha Kibo kina urefu wa meta 5,895 kutoka usawa wa bahari, na anayetaka kukipita kwa salama inampasa kwenda juu zaidi ya meta 6,000. Huko hewa ni nyepesi, karibu nusu tu ya ile iliyoko pwani. Wepesi huo hudhuru vitu vitatu kwa pamoja. Injini huchoma mafuta kwa msaada wa hewa, basi hewa ikipungua nguvu za injini hupungua. Bawa huibeba ndege kwa kuegemea hewa, basi hewa ikiwa nyepesi bawa hubeba kidogo. Na mwanadamu naye huanza kuumwa kichwa, kuchoka na kuchelewa kufikiri. Ndege za siku hizi hufungwa barabara na kujazwa hewa ndani. Ndege za wakati ule hazikuwa na kitu hicho, na baridi iliingia mpaka kwenye mifupa. Juu ya hayo, upepo unaougonga mlima hupanda upande mmoja na kuporomoka upande wa pili, na ndege hutupwa kama jani.

Pamoja na taabu hizo alipiga picha. Watu walikuwa wamekwisha kufika kileleni kwa miguu. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika mwaka 1889, na historia ya mlima wetu humtaja pia mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, aliyewaongoza. Mawenzi, ambao ni mwamba mgumu kuliko Kibo, ulipandwa mara ya kwanza mwaka 1912 na Eduard Oehler na Fritz Klute. Lakini anayepanda kwa miguu huona mahali aliposimama na kando yake kidogo. Picha za Mittelholzer zilionyesha mlima wote kwa mtazamo mmoja: kasoko kubwa ya Kibo, ndani yake kasoko nyingine ndogo kama sahani ndani ya sinia, na kuta za barafu zimeizunguka. Zilionyesha pia magenge ya Mawenzi yaliyochongoka. Wazee wetu wa Kichagga wana hadithi ya Mawenzi aliyekwenda kwa Kibo kuomba moto mara kwa mara hata Kibo akachoka, akampiga kwa mchi, na ndiyo maana sura ya Mawenzi imepasuka hivi. Picha hizi zilikuwa ushahidi wa kwanza kutoka angani wa mipasuko ile.

KIFO CHAKE

Mwaka 1934 alirudi tena upande wetu, akimpelekea Mfalme Haile Selassie ndege ya Fokker huko Uhabeshi. Alikuwa amekwisha andika vitabu kadhaa vya safari zake, na vilisomwa sana Ulaya.

Tarehe 9 Mei 1937 alikuwa Austria, katika jimbo la Steiermark, akipanda mlima na wenzake. Akaanguka, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 43. Mtu aliyeruka juu ya jangwa, juu ya bahari na juu ya Kilimanjaro, mauti yalimkuta akiwa anatembea kwa miguu yake. Hakuna nafsi ijuayo itafia ardhi gani, na mwanafunzi wa madrasa analijua hilo tangu chuo cha kwanza.

PICHA ZAKE NA JUMBA LA MAKUMBUSHO

Picha zake nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha ufundi cha Zurich, na mtu anaweza kuziona kwenye intaneti hata akiwa Mkuu.

Katika mji wa Lucerne, huko huko Uswisi, lipo jumba kubwa la makumbusho ya usafiri lililofunguliwa mwaka 1959. Ndani yake mna magari moshi, magari, meli, na ukumbi wa ndege. Mgeni huona ndege za mwanzo, zenye viungo vya mbao na kitambaa, na Fokker ya miaka ile ile ya Mittelholzer. Akisogea mbele anaingia sehemu ya vyombo vya anga za juu. Hapo amewekewa satelaiti ya kweli iitwayo EURECA. Si sanamu yake wala mfano wake. Satelaiti hiyo ilipelekwa angani mwaka 1992 na chombo cha Marekani kiitwacho Atlantis, na miongoni mwa wanaanga waliokuwamo alikuwa Mswisi Claude Nicollier. Ilizunguka dunia kwa muda wa miezi kiasi cha kumi na moja, ikachukuliwa na chombo kingine, Endeavour, mwaka 1993, ikarudishwa ardhini. Satelaiti nyingi zikimaliza kazi huungua zinapoingia hewani au hubaki huko huko juu. Kuiona moja iliyokwenda na kurudi ni jambo adimu.

Hekima ya kuviweka vitu hivi chini ya paa moja ni kumfahamisha mgeni kwamba ni njia moja. Aliyeanza na kitambaa na mbao alifika kwenye kamera, na kamera ya rubani ikafungua njia ya kamera ya satelaiti. Na njia hiyo ni ndefu kuliko Ulaya. Sisi Waislamu tunamkumbuka Abbas ibn Firnas wa Andalus, aliyefariki mwaka 887, ambaye vitabu vya historia vinasimulia kwamba alijitengenezea mbawa akajaribu kuruka. Jina lake limepewa shimo moja kubwa katika Mwezi. Mwislamu wa kwanza kwenda anga za juu alikuwa Sultan bin Salman wa Saudi Arabia, mwaka 1985.

Wala Afrika Mashariki haikuwa nje ya habari hizi. Baharini karibu na Malindi, Wataliano walijenga jukwaa la kurushia roketi liitwalo San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Tena, katika kituo kikubwa cha anga za juu kinachoizunguka dunia ipo maabara ya Wajapani iliyofikishwa mwaka 2008, nayo inaitwa Kibo. Kwa Kijapani neno hilo maana yake ni tumaini. Majina yamefanana tu, lakini mtoto wa Rombo akilisikia lazima atatabasamu.

PICHA ZA JUU ZINATUAMBIA NINI SISI?

Hapa ndipo habari hizi zinapotuhusu hasa. Tangu mwaka 1972 satelaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha za ardhi kutoka juu, na mlima wetu umo. Wataalamu wakilinganisha ramani ya mwaka 1912, picha za ndege na picha za satelaiti, wanapima barafu ya Kibo imebaki kiasi gani. Mwaka 1912 ilikuwa kiasi cha kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa imepungua mpaka chini ya kilomita za mraba 2. Kuta nene alizozipiga picha Mittelholzer, nyingine hazipo tena.

Watu wengi husema barafu ikiisha maji yetu yamekwisha. Wataalamu waliochunguza mlima wanatupa habari iliyo tofauti kidogo, na kwetu sisi ni muhimu zaidi. Maji mengi ya Kilimanjaro hayatoki kwenye barafu. Hutoka kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu unaouzunguka mlima kati ya vihamba na mbuga za juu. Miti na mimea ya msituni hunyonya ukungu kama sifongo, kisha huyaachia maji polepole kwenda kwenye chemchemi. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu. Msitu tunaweza kuulinda kwa mikono yetu.

Sisi wa Rombo tunajua thamani ya ndoo ya maji. Upande wetu wa mlima hupata mvua kidogo kuliko upande wa kusini, na akina mama na watoto wanajua urefu wa njia ya kwenda kuteka. Moto uliozuka mlimani Oktoba 2020 uliwaka siku nyingi, ukaonekana mpaka mbali. Kila mti unaokatwa au kuungua juu huko ni sehemu ya ndoo hiyo. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, ametufundisha fadhila ya kupanda mti na akatukataza israfu ya maji. Basi picha ya satelaiti na mafundisho ya madrasa vinatuelekeza mahali pamoja.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, Mittelholzer alijulikana kwa kuunganisha fani mbili. Mwanafunzi anayehifadhi Qur'ani asubuhi na kusoma fizikia mchana hapotezi kimoja kwa kingine. Anajijenga.

Pili, alijiandaa kabla ya kutegemea. Alipoona hakuna viwanja, alichagua ndege ya majini. Kutawakali kwetu Waislamu nako hutanguliwa na kumfunga ngamia.

Tatu, kazi kubwa haifanywi na mtu mmoja. Rubani bila fundi hafiki.

Nne, mlima huu umepimwa na kupigwa picha na wageni kwa zaidi ya miaka mia. Shime wanafunzi, wake kwa waume! Wapimaji wanaofuata watoke hapa. Jiografia, hesabu na sayansi ndizo ngazi zake, na ngazi hupandwa kidato kwa kidato. Wazazi nao wasimtoe shuleni binti mwenye kipaji cha hesabu kwa sababu tu ni binti.

Tunamuomba Allah atupe elimu yenye manufaa, na atuhifadhie mlima wetu, msitu wake na maji yake. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini Mittelholzer alitumia ndege ya majini kuivuka Afrika?
2. Taja mambo matatu ambayo hewa nyepesi huyadhuru ndege ipandapo juu ya meta 6,000.
3. Satelaiti ya EURECA ina upekee gani katika jumba la makumbusho la Lucerne?
4. Maji mengi ya Kilimanjaro hutoka wapi? Wewe na nyumba yenu mwaka huu mtafanya nini kuyalinda?

Wabillahi tawfiq.